Namba kwanza, maneno baadaye

Vijana wa hapa Gehandu wakiniomba niwaonyeshe Project Euler, huwaambia waziangalie namba kabla ya kusoma neno lolote. Hiyo ni tovuti ya mafumbo ya hesabu yanayotatuliwa kwa kuandika programu. Ilianzishwa na Colin Hughes mwaka 2001, na sasa mafumbo yamepita 900. Kuyasoma ni bure. Unajisajili tu ukitaka jibu lako lisahihishwe. Shida ni Kiingereza chake, maana Kiingereza cha hesabu ni kigumu hata kwa aliyefaulu kile cha darasani.

Huhitaji kompyuta. Simu ya Android inatosha: weka Google Translate, ambayo ina Kiswahili tangu 2009, na Pydroid 3 ya kuandikia Python. Ukiwa penye mtandao mzuri, pakua kabisa Kiingereza na Kiswahili ndani ya simu, ili bando likikata uendelee. Pydroid nayo haidai intaneti kuendesha programu. Kiiraqw, ambacho wengi wetu ndicho tunachowazia, kwenye Google Translate hakimo, kwa hiyo hatua ya mwisho, ya kutoka Kiswahili kwenda Kiiraqw, utaivuka mwenyewe kichwani.

Sasa chukua fumbo la 1. Linataka jumla ya vigawe vyote vya 3 au 5 vilivyo chini ya 1000. Mashine inaweza kukuandikia vigawo, vizidisho au kitu kingine kabisa. Usibishane nayo, tazama mfano. Fumbo lenyewe linasema kwamba chini ya 10 tunapata 3, 5, 6 na 9, na jumla yake ni 23. Vigawo vya 3 ni 1 na 3 tu, sasa 6 na 9 zimetoka wapi? Basi ni vigawe, vile vile vya KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) tulivyosoma shule ya msingi. Tena 10 inagawanyika kwa 5 lakini haimo, ndipo unajua kuwa "chini ya" haiihesabu namba ya mpaka.

Lakini mfano nao una mwisho wake. Haufiki 15, ambayo ni kigawe cha 3 na pia cha 5. Ukijumlisha makundi mawili bila kufikiri, 15, 30 na wenzake wataingia mara mbili. Kwa kalamu: vigawe vya 3 vinatoa 166833, vya 5 vinatoa 99500, na vya 15, vinavyotolewa, ni 33165. Jibu ni 233168. (Majibu ya mafumbo 100 ya mwanzo wenye tovuti wanaruhusu yajadiliwe hadharani, yanayofuata wanaomba uyafiche.)

Ukikopi na kubandika, angalia vipeo. Fumbo la 16 linaanza na 2 kwa kipeo cha 15, ambayo ni 32768. Ikibandikwa kwa mtafsiri, kipeo huweza kushuka na kusomeka "215 = 32768", upuuzi mtupu. Rudi kwenye ukurasa halisi usome kwa macho yako. Kinachotakiwa ni jumla ya tarakimu za 2 kwa kipeo cha 1000, na Python, isiyoogopa namba ndefu, inamaliza kwa mstari mmoja:

print(sum(int(t) for t in str(2**1000)))

Kabla ya hapo weka 15 badala ya 1000. Ikitoka 26, yaani 3+2+7+6+8, umelielewa fumbo hata kama tafsiri ni mbovu. Isipotoka 26, usiguse 1000.

Wenye tovuti wanasema programu nzuri imalize ndani ya dakika moja kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa mafumbo ya mwanzo simu haina tatizo. Ukiona inachemka mfukoni, tatizo ni njia yako. Baada ya hapo nenda la 5: namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 20. Mfano wao, wa 1 hadi 10, ni 2520. Hiyo ni KDS tupu, na mimi ningeifunga simu nikaifanya kwa kalamu.