Diski Haifunzi Lugha

Mwanachama mwenzangu, shule nyingi za Kenya zimetumia "diski": kibao apewacho mwanafunzi aliyeteleza kwa lugha ya nyumbani au Sheng, naye humpa mwingine atakayemnasa. Jioni walioishika huadhibiwa. Mtindo huu ni wa kale. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Limuru alieleza katika *Decolonising the Mind* (1986) jinsi kifungo kilivyozungushwa hivyo zama za ukoloni, kuwanasa waliosema Kikuyu badala ya Kiingereza.

Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Hata bila kiboko, naona diski ina hasara mbili. Kwanza, inafunza upelelezi: kila mtu yuko chonjo kumtega mwenzake. Pili, mwoga hunyamaza tu, na lugha haipatikani kwa kunyamaza.

Je, tuache kila mtu aseme apendavyo? La! Hapa Makongeni, Thika, Kikuyu, Kikamba na Sheng zimetuzunguka, kwa hivyo sheria lazima iwepo. Napendekeza hivi: akitokea wa kusema "makanga" darasani, atafute neno "utingo", alitungie sentensi tatu ubaoni, nasi tuzisahihishe pamoja. Hapo kuna sheria na kuna kazi, lakini aibu hakuna. Kuuliza si ujinga.

Kiswahili kitukuzwe!