Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Hospitali haifungwi usiku. Wauguzi wa mchana wanapokwenda nyumbani, wengine wanashika zamu mpaka asubuhi. Kazi hii yataka mtu mwangalifu, asomaye na kuandika bila kosa.

Usiku mmoja mama mmoja alizaa, akapoteza damu nyingi. Muuguzi alitumwa kuleta damu ya kumwongezea. Lakini damu za watu si moja. Mwaka 1901, katika mji wa Vienna, mganga Karl Landsteiner alionyesha ya kuwa zina aina mbalimbali. Leo zinaitwa A, B, AB na O. Mtu wa aina O akipewa damu ya aina A, anaweza kufa.

Wenzake walimhimiza: «Upesi, ndugu!» Hata hivyo muuguzi alisoma kwanza karatasi ya mgonjwa, kisha alama ya damu. Karatasi ilisema O. Alama ilisema A. Akairudisha mara moja, akaleta nyingine, akasoma tena pamoja na mwenzake. Mama akapona.

Asubuhi aliandika yote katika kitabu cha zamu: saa, damu iliyotolewa, joto la mwili. Aliyepokea zamu akasoma, akajua la kufanya.

Herufi moja ni kitu kidogo, lakini ilibeba uzima wa mtu. Mwanafunzi anayerudia hesabu yake kabla ya kuitoa ameanza kujifunza kazi hiyo.

Maulizo
1. Muuguzi alisoma vitu gani viwili?
2. Kwa nini hakufuata haraka ya wenzake?
3. Kitabu cha zamu chafaa nini?