Mdogo wangu, samaki usimchague kwa rangi

Msomaji mmoja wa Tabata ameniuliza hivi: shemeji yake amehama na kumwachia tangi la kioo la lita 40, mtoto wa miaka sita anataka “wale wa dhahabu”, na muuza samaki amemhakikishia kwamba tangi hilo linabeba hata samaki 20. “Dada, niwachukue?”

Usiwachukue, mdogo wangu. Huyo kaka muuza samaki yuko kazini, anatafuta riziki. Wewe ndiye utakayekuwa unawaopoa kwa kijiko alfajiri kabla mtoto hajaamka.

Huyo “wa dhahabu”, goldfishi, unayemwona dukani ana urefu wa kidole kwa sababu bado ni mtoto. Akitunzwa vizuri anafika sentimita 20 na kuendelea, na anaweza kuishi miaka 10 au zaidi. Anakula sana na ananya sana. Utaambiwa kwamba samaki hukua kulingana na chombo, usikubali. Anayedumaa kwenye chombo kidogo amedumazwa na uchafu wa maji yake. Oska naye anafika sentimita 30 na akikua anameza wenzake. Hata yule mweusi anayebandika mdomo kwenye kioo, anayeuzwa kwa sifa ya “msafishaji”, aina yake ya kawaida huvuka sentimita 30, na mavi anayoacha ni mengi kuliko mwani anaoulamba. Kwa hiyo ukifika dukani uliza kwanza: huyu akikomaa anafika wapi? Ukijibiwa “huyu ndiyo mwisho wake”, toa simu ulitafute jina lake ukiwa umesimama hapo hapo. Hakuna aibu.

Na hizo lita 40 usizihesabu zote. Toa mchanga, toa mawe, toa nafasi ya juu unayoacha wazi. Maji yenyewe yatabaki lita thelathini na kitu.

Sasa tuje kwenye maji, maana ndiyo yanayochagua samaki, si macho yako. Yaangalie ya nyumbani kwako. Sabuni inakataa kutoa povu? Birika lina utando mweupe ndani? Hayo ni maji magumu, na wanaotumia visima vya pwani wanayajua vizuri, mengine yana chumvi pia. Neoni tetra, yule mwenye mstari wa buluu unaong’aa, asili yake ni mito ya Amazon yenye maji laini. Ukimtia kwenye maji ya kisima chako, unamtesa. Gapi kwa upande wake anayapenda maji magumu, na hata chumvi kidogo haimsumbui.

Kwa nyumba nyingi za Dar, basi, mimi ningeanza na gapi. Ila chukua madume matupu, sita hivi. Ndio wenye mikia ya kupepea na rangi zote unazozitaka. Ukichanganya na majike, baada ya mwezi mmoja utaona vitoto kama punje, na mwezi unaofuata vingine. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hata ukimnunua peke yake anaweza kuendelea kukuzalia huku huelewi baba yuko wapi. Mtoto atafurahi mara ya kwanza. Mara ya nne tangi limejaa na majirani wameanza kukukwepa.

Ukitaka mmoja tu wa kumtazama, chukua beta dume. Huyu nampendea sababu moja ya kwetu kabisa: umeme. Pampu ikizimika usiku, samaki wengi waliobanana huanza kuhema juu ya maji. Beta anayo ogani ya kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu, kwa hiyo umeme ukikatika haingii taharuki upesi. Hiyo haimaanishi umweke kwenye glasi mezani kama ua. Mpe tangi zima, mfuniko (anaruka huyo), mmea wa kupumzikia, na usimwekee dume mwenzake, watachanana mapezi. Usimchanganye na gapi wenye mikia mirefu pia, anaweza kuwadhania mahasimu. Walioko Arusha, Iringa au Mbeya mtahitaji hita, kwa sababu beta anataka nyuzi 25 hivi na usiku wenu hauko hivyo.

Kuna wa tatu ambaye naomba umkumbuke ukibahatika kumpata, maana ni wa nyumbani. Ziwa Tanganyika lina sikilidi wadogo, wa ukoo mmoja na sato na perege, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Neolamprologus multifasciatus dume hafiki hata sentimita 5, jike ni mdogo zaidi. Weka mchanga laini na makombe mengi kuliko samaki, halafu kaa utazame. Kila mmoja ana kombe lake. Anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anachimba mpaka kombe lizame likae anavyotaka, na jirani akisogea anafukuzwa. Jike hutaga humo ndani, na baada ya muda unaona vichwa vidogo vinachungulia mlangoni. Wanataka maji magumu, wasichanganywe na wageni, na lita 40 zinawatosha ukoo mdogo. Watu wa Ulaya wanawaagizia mbali. Sisi tulio karibu na ziwa ndio tunaokimbilia goldfishi.

Ukishaamua, bado usinunue samaki. Nunua filta ya sponji na pampu ya hewa, jaza maji, washa, kisha tupia chakula kidogo cha samaki kila siku humo kwenye maji matupu. Mtoto atakushangaa. Chakula kikioza kinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji na mchanga. Wale samaki 20 wa yule kaka wangekufa katika kipindi hichohicho, kisha ungerudi kununua wengine. Baadaye kila wiki badilisha robo ya maji, si yote. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, au tumia dawa yake. Sponji isuuzie kwenye maji uliyoyatoa tangini. Ukiisuuza bombani klorini inaua bakteria na unarudi mwanzo.

Siku ya kununua, mwombe muuzaji awatupie chakula. Anayekuja mbio ndiye wako. Aliyekunja mapezi, anayehema juu, au mwenye vidoadoa vyeupe mithili ya chumvi, mwache pamoja na wenzake wote wa tangi hilo. Nyumbani, eleza mfuko juu ya maji kwa dakika kumi na tano, ongezea maji yako kidogo kidogo, kisha mhamishe samaki kwa wavu. Maji ya dukani yamwage.

Na ukizidiwa, au mtoto akichoka, rudisha dukani au mpe mwenye tangi. Usiwapeleke Mto Msimbazi wala ziwani kwa huruma. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, samaki wa asili wa ziwa hilo, hazipo tena.