Ahadi ni Deni: Hesabu ya Bahati Kabla ya Kuahidi Pesa Nyumbani



Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kwa kipato changu, niwaahidi nyumbani kiasi gani kila mwezi?" Wengi wetu tunajibu kwa wastani. Tunajumlisha mishahara ya mwaka, tunagawanya kwa 12, tunatoa pango na chakula, kinachobaki tunakiahidi. Halafu mwezi wa tatu tunaanza kukopa ili kutimiza ahadi. Si kwamba tumefuja hela, wala mishahara haijapungua. Tatizo ni kwamba tuliahidi wastani, na wastani haulipwi kila mwezi.

Leo tujifunze somo ambalo wanafunzi wa biashara hulisoma mwanzoni kabisa: mgawanyo wa uwezekano. Jina linatisha, lakini kama unajua kurusha sarafu, somo hili unaliweza.

Mgawanyo ni nini?

Ni orodha ya mambo yote yanayoweza kutokea, na pembeni ya kila jambo unaandika uwezekano wake. Basi. Wastani ni namba moja tu inayotoka kwenye orodha hiyo. Anayejua wastani peke yake ni kama mtu aliyeambiwa kina cha mto kwa wastani ni magoti, akavuka bila kuuliza katikati pakoje.

Tuchukue mfano wa dada anayesafisha ofisi. Namba ni za mfano, wewe utaweka zako. Kila asubuhi anapanda treni namba 13 pale Bredäng kwenda mjini. Kazi yake ya kudumu inampa krona 12,000 mkononi, kodi ikiwa imeshakatwa. Pango, chakula, kadi ya usafiri na simu vinamla 11,000. Inabaki 1,000.

Juu ya hapo kuna zamu za Jumamosi. Hizi ni za kuitwa: ujumbe ukija unakwenda, usipokuja unakaa. Kila zamu inamwachia krona 1,000. Akiangalia karatasi zake za mshahara, mwaka uliopita aliitwa kama nusu ya Jumamosi zote. Tuseme mwezi una Jumamosi nne. Kwa wastani ataitwa mbili. Kwa hiyo kwa wastani anabaki na krona 3,000: ile 1,000 ya mshahara na 2,000 za Jumamosi. Akapiga simu nyumbani, akaahidi 3,000.

Tulivyolihesabu chumba cha kufulia

Tulilifanya zoezi hili kwenye tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo, juu ya meza ya kukunjia nguo, huku mashine zikizunguka. Kazi ya kwanza ilikuwa kupata sarafu! Hapa Uswidi kila kitu ni kadi na Swish. Mwenzetu mmoja akapekua mkoba, akatoa shilingi mia mbili ya Tanzania iliyosahaulika humo tangu uwanja wa ndege.

Kichwa, umeitwa. Upande wa pili, hukuitwa. Mirusho minne ni mwezi mmoja. Kila Jumamosi ina njia mbili, kwa hiyo Jumamosi nne zina njia 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16. Ukiziandika zote unapata hivi:

Kutoitwa hata mara moja: njia 1 kati ya 16.
Kuitwa mara moja: njia 4 kati ya 16, maana inaweza kuwa Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne.
Kuitwa mara mbili: njia 6 kati ya 16.
Kuitwa mara tatu: njia 4 kati ya 16.
Kuitwa zote nne: njia 1 kati ya 16.

Huo ndio mgawanyo. Sasa angalia ahadi ya 3,000. Ili aitimize lazima aitwe angalau mara mbili. Asipoitwa kabisa, au akiitwa mara moja tu, amekwama. Hizo ni njia 1 + 4, yaani 5 kati ya 16. Karibu mwezi mmoja katika kila mitatu hela haitoshi!

Na kumaliza mwaka mzima bila kukwama hata mwezi mmoja? Unazidisha 11/16 kwa yenyewe mara 12. Jibu ni kama nafasi moja kati ya 90. Dada huyu hakuahidi kwa ubaya. Aliahidi kitu ambacho hesabu yenyewe inasema kitavunjika.

Pesa ileile, ahadi nyingine

Sasa tuseme aliahidi krona 2,000. Hapo anahitaji Jumamosi moja tu. Atakwama pale tu asipoitwa kabisa, yaani mwezi mmoja kati ya 16. Kwa mwaka mzima, nafasi ya kutokwama hata mara moja ni karibu nusu.

"Nusu tu?" Mwenzetu aliuliza hivyo hivyo. Ndiyo, kwa hiyo kuna hatua ya pili: mwezi ukiwa mzuri, ziada haitumwi papo hapo. Krona 1,000 ya kwanza inayozidi inawekwa pembeni, kwenye akaunti isiyo na kadi. Hiyo ndiyo itaziba mwezi wa sifuri. Ikitumika, mwezi mzuri unaofuata inarudishwa kwanza.

Tazama mwisho wa mwaka. Ametuma 2,000 mara 12, ni 24,000. Ziada kwa wastani ni 1,000 kwa mwezi, yaani kama 12,000. Jumla 36,000. Na yule aliyeahidi 3,000 kila mwezi? Ni 36,000 hiyohiyo. Nyumbani hawapotezi kitu. Tofauti ni kwamba mmoja alikopa mara tatu nne katikati akalipa riba, na mama yake alilala hana uhakika wa mwezi ujao. Mwingine hakukopa.

Mwaka unatabirika kuliko mwezi

Hapa kuna siri ambayo tungependa kila mmoja wetu aielewe. Kwa mwezi, dada yetu anategemea Jumamosi mbili, na mtawanyiko wa kawaida ni moja juu au moja chini. Hiyo ni nusu nzima ya anachokitegemea. Kwa mwaka wenye Jumamosi 48 anategemea 24, na mtawanyiko wa kawaida ni kama tatu na nusu tu. Karibu miaka miwili kati ya mitatu, ataitwa kati ya mara 21 na 27.

Mirusho ikiwa mingi, mgawanyo unapata umbo la kilima: katikati pamejaa, pembeni panashuka. Aliyeligundua hilo kwa hesabu ni Abraham de Moivre, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1667, akakimbilia London kwa sababu ya dini yake ya Kiprotestanti. Chuo kikuu hakikumpa kazi. Aliishi kwa kufundisha watoto wa watu nyumba kwa nyumba. Mwaka 1733, akiwa mzee, ndipo alipoandika hesabu ya kilima hicho. Mhamiaji mwenzetu, wa vibarua kama sisi.

Kwa matumizi yetu maana yake ni hii: kila mwezi ahidi kidogo, na makubwa yaahidi kwa mwaka. Ada ya shule ya Januari, mabati, mbegu, hivyo vipange kwenye ziada ya mwaka mzima. Chakula cha kila mwezi kipange kwenye kile kisichotikisika.

Mambo makubwa yanayokuja kwa nadra

Zamu za Jumamosi ni bahati ndogondogo zinazorudi mara nyingi. Kuna bahati ya aina nyingine: msiba, mtoto kulazwa, tiketi ya ghafla. Hizi mgawanyo wake una mkia mrefu. Miezi mingi ni sifuri, halafu mwezi mmoja unakumeza.

Tuseme kila mtu ana nafasi moja kati ya 12 kila mwezi ya kupatwa na dharura ya krona 12,000. Wastani wake ni 1,000 kwa mwezi. Lakini hakuna mwezi utakaolipa 1,000. Utalipa sifuri au 12,000. Wastani hapa haukusaidii kitu ukiwa peke yako.

Ndiyo maana wazee wetu walianzisha vikundi vya kufa na kuzikana, na sisi huku tunavyo. Watu 12, kila mmoja anaweka 1,000, mfuko unapata 12,000 kwa mwezi, na kwa wastani dharura ni moja. Inaonekana imekaa sawa. Lakini piga hesabu. Miezi kama 35 katika 100 hakutakuwa na dharura hata moja. Miezi kama 38 itakuwa na moja. Na miezi kama 26 itakuwa na mbili au zaidi!

Yaani zaidi ya robo ya miezi, mfuko usio na akiba utamwambia mwanachama wa pili, "pole, hela imekwisha." Vikundi vingi huvunjika siku hiyo, na watu husema mweka hazina ameiba, kumbe ni hesabu. Dawa yake: miezi mitulivu msigawane kilichobaki. Zile 35 ndizo zinazolipia zile 26.

Pale hesabu inapodanganya

Kila tulichokihesabu hapa kinasimama juu ya sharti moja: jambo la mmoja lisivute la mwingine. Sarafu haikumbuki mrusho uliopita. Maisha mara nyingine hukumbuka.

Kampuni ikipoteza mkataba wa jengo, Jumamosi zote nne zinaondoka pamoja. Julai, Waswidi wakienda likizo, ofisi zinafungwa na zamu zinapungua kwa kila mtu. Kwenye ujenzi, baridi kali na theluji husimamisha kazi ya nje kwa kikosi kizima. Mwaka 2020 korona ilifunga hoteli, na waliokuwa wakisafisha vyumba walikaa nyumbani wote kwa mpigo. Mvua za masika za 2024 zilileta mafuriko Kenya na Tanzania, na mtu akiwa na kikundi ambacho wote wanatoka bonde moja, simu za dharura zilikuja wiki moja.

Kwa hiyo kikundi kizuri huchanganya watu: wa usafi, wa ujenzi, wa kulea wazee, wa kampuni mbalimbali na mikoa mbalimbali. Urafiki ni jambo jema, lakini mfuko wa watu 12 wa bosi mmoja ni kama mfuko wa mtu mmoja.

Usisahau ugonjwa pia. Tangu Januari 2019 kuna karensavdrag: ukiugua unakatwa asilimia 20 ya malipo ya ugonjwa ya wiki yako ya wastani, na malipo yenyewe ni asilimia 80 ya mshahara. Mwajiri analipa siku 14 za kwanza, baada ya hapo ni Försäkringskassan. Kwa mtu wa kipato kidogo, mafua ya siku mbili yanatosha kuangusha mwezi. Yaweke kwenye orodha yako.

Zoezi la wiki hii

Moja. Chukua karatasi zako za mshahara za miezi 12. Andika kilichobaki kila mwezi baada ya pango, chakula na usafiri.

Mbili. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa. Huo ndio mgawanyo wako, wa kweli kuliko wa sarafu.

Tatu. Usitazame katikati. Tazama ya pili kutoka chini. Hiyo ndiyo ahadi yako ya kila mwezi. Kwa mwaka kama huo uliopita, utakuwa umekwama mara moja tu.

Nne. Tofauti kati ya ya kwanza kutoka chini na hiyo ya pili, ndiyo akiba ya kuanzia. Iweke kabla hujaahidi.

Tano. Piga simu nyumbani uwaeleze hivi: "Kila mwezi nitatuma hiki, hakitakosa. Kikizidi tutakaa pamoja mwisho wa mwaka tupange." Mazungumzo haya ni magumu, tunajua. Mama anaweza kudhani umempunguzia kwa sababu umepata mwingine wa kumtunza. Mwonyeshe hesabu, hata kwa kurusha sarafu kwenye simu ya video. Baba mmoja aliporushiwa alisema, "Kumbe ni kama mvua na shamba." Ndivyo hasa. Mkulima hawezi kuahidi magunia kwa wastani wa mvua. Anaahidi kwa mvua mbaya, na ya ziada anaitia ghalani.

Ahadi ni deni. Basi tuahidi deni tunaloliweza hata mwezi ujumbe wa Jumamosi usipoingia.