Umri wa Globu na Kazi Yake

Wasomaji wenzangu, hapa Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, mtu akinunua globu dukani huuliza neno moja: "Itadumu?" Swali hilo ni jema, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: kwa umeme itakaoula, itatupa mwanga kiasi gani? Yafaa tuyatazame yote mawili, maana anayelipa ni mzazi, na anayehitaji mwanga wa kusomea ni mwanafunzi.

Tuanze na globu ya zamani. Ndani yake mna uzi mwembamba wa madini yaitwayo tangisteni. Umeme ukipita, uzi huwaka kwa joto la digrii zipatazo 2,500. Kwa joto hilo uzi hugeuka mvuke kidogo kidogo; mvuke huganda kiooni na kukitia weusi, na uzi hukonda hata ukakatika. Ukipunguza joto, globu huishi sana, lakini mwanga hufifia. Ukilizidisha, mwanga hung'aa, lakini globu hufa upesi. Volti zikizidi 5 tu katika kila 100, umri wake hupungua karibu nusu.

Mfano ni globu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, inayowaka tangu mwaka 1901. Imepita miaka 100, lakini mwanga wake sasa ni kama wa taa ya wati 4. Tena, mwaka 1924 makampuni makubwa yalipatana huko Geneva kwamba globu idumu saa 1,000, na kiwanda kilichozidisha kilitozwa faini. Wenyewe walisema wanapatanisha umri na mwanga. Wengine waliona ni hila ya kuuza globu nyingi. Mimi naona yote mawili yana ukweli.

Sasa hesabu. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Globu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 700 hadi 800. Taa ya LED ya wati 9 hutoa kiasi hicho hicho, na nyingi huandikwa saa 15,000. Kwa saa hizo utahitaji globu za zamani 15 na uniti 900 za umeme. LED ni moja, na uniti 135 tu.

Kwa mwenye betri ya sola tofauti ni kubwa zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Taa ya wati 60 huimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Taa ya wati 7 huenda saa 12. Hapo ndipo mtoto hupata au hukosa kusoma usiku.

Lakini LED nayo huzeeka. Haikatiki kama uzi. Hufifia, na umri wake huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia 70 katika 100. Adui yake ni joto, basi usiifungie ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa.

Zoezi: Taa A ni wati 9, lumeni 810, saa 15,000. Taa B ni wati 12, lumeni 840, saa 25,000. Gawanya lumeni kwa wati, kisha tafuta uniti za kila taa kwa saa 15,000. Utanunua ipi, na kwa nini?