LENZI GANI KWA PICHA GANI?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

 

Wale mliohudhuria Siku ya Zawadi mwaka jana mnakumbuka kwamba kamera ya chama nilikuwa nayo mimi. Nilipiga picha 214. Zilizofaa kuchapishwa zilikuwa 3, na zote ni za gari lililoleta soda. Juma lililofuata mama mmoja alikuja kuuliza picha ya bintiye akipokea zawadi ya Hisabati. Nilimwonyesha ukungu mweupe ukisalimiana na ukungu mweusi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, mwanangu," akaenda zake. Mpaka leo nikimwona sokoni napita njia nyingine.

Mimi nilidhani kamera ndiyo mbovu. Likizo ilipofika nikampelekea mjomba, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi na mazishi. Akaigeuza, akacheka. "Mpwa wangu, kamera haina neno. Ulienda ukumbini na lenzi ya uwanjani."

Kumbe kila lenzi imeandikwa nambari mbili kwenye ukingo wake, na mwenye kuzisoma hahangaiki.

Ya kwanza ni milimita. Ndogo, kama 18, huona eneo pana. Kubwa, kama 200, huona eneo jembamba na kuvuta kitu karibu. Hapa ile hesabu ya pembetatu zinazofanana, ambayo wengi wetu huisinzia, inafanya kazi. Ndani ya kamera yetu kuna kibao kinachopokea mwanga, upana wake milimita 22 hivi. Chukua 22, zidisha kwa umbali uliosimama, gawanya kwa milimita za lenzi. Mimi nilisimama nyuma ya ukumbi, mita 15 kutoka jukwaani. Kwa lenzi ya 55 nilikuwa naona upana wa mita 6: mwalimu mkuu, meza, mapazia, na mshindi mdogo kama kidole. Kwa 200 ningeona mita 1.65 peke yake.

Nambari ya pili hutanguliwa na herufi f, nayo ndiyo iliyoniponza. Huonyesha ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, lakini kinyume: nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho hufikia f5.6. Mjomba ana lenzi ya 50 isiyovutika kabisa, fupi kama kikombe cha chai, lakini ni f1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, halafu zidisha jibu kwa lenyewe: utapata karibu 10. Yaani mwanga mara kumi! Kamera yangu ilikuwa inafungua jicho kwa 1/15 ya sekunde, na katika muda huo mshindi ameshainamisha kichwa na mkono wangu umeshatetemeka. Kwa lenzi ya mjomba ingekuwa 1/150. Na ile taa ndogo ya kamera? Wapi! Nguvu yake huisha mita chache tu, ikamulika visogo vya wazazi.

Lakini tundu kubwa lina gharama yake. Sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba, hivyo ukilenga macho, masikio huanza kufifia. Kwa picha ya darasa zima, mistari miwili au mitatu, tokeni nje juani mtumie f8.

Picha ya uso mmoja isipigwe kwa lenzi ya 18 ukiwa umemkaribia mtu. Sentimita 30 kutoka pua, masikio yako sentimita 42 hivi, kwa hivyo pua inakuzwa kupita kiasi na rafiki anakununia wiki nzima. Rudi nyuma mita 2, tumia 50. Tofauti ile ile ya sentimita 12 haitaonekana tena.

Wenzetu wa Chama cha Wanyamapori wanaopenda kwenda Mbuga ya Taifa ya Nairobi, nyinyi shida yenu ni umbali, kwa sababu gari ndilo kikomo chenu. Simba akiwa mita 40, lenzi ya 55 itawaonyesha nyasi za upana wa mita 16 na nukta ya kahawia. Kwa 300 mtaona karibu mita 3, ambazo simba anazijaza vizuri. Mwanga wa mchana ni mwingi, f5.6 si tatizo.

Wenye simu zenye lenzi mbili au tatu, kanuni ni hizo hizo. Ila ukivuta kwa vidole kupita lenzi zilizomo, simu inakata tu picha na kuikuza.

Mjomba amekubali kutuazima ile ya 50 kwa Siku ya Zawadi ya mwaka huu. Kwa kuwa haivutiki, itabidi miguu yangu ndiyo ivute. Nimepiga hesabu: nikisimama mita 5 kutoka jukwaani nitaona upana wa mita 2.2, wanaotosha watu wawili wakisalimiana. Naibu wa mwalimu mkuu ameniruhusu kukaa pale mbele, chini ya ngazi, mradi nisiwazibe wageni. Yule dada wa Hisabati sasa yuko Kidato cha Nne, na nasikia bado anaongoza.