Chumvi Imelowa: Ni Nani Aliyemwaga Maji?

Mvua za mwezi wa nne zilipokuwa zimeshika, tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama chenye duka la pamoja. Tulidhani twaenda kusaidia mambo ya hesabu, kumbe kuna kesi. Gunia la chumvi la kilo 50 lilikuwa limeuzwa kilo 14, kwa hivyo zilitakiwa kubaki 36. Mizani ilisema 34, na sakafu chini ya gunia ilikuwa imelowa. Wengine walisema muuzaji ameuza kilo mbili kando, halafu akamwagia maji ili uzito urudi. Yeye alikuwa amekaa pembeni akilia.

Tuliomba kesi ingoje kidogo, tuanze na chumvi yenyewe.

Hewa daima hubeba maji ambayo hatuyaoni. Siku ya jua kali hubeba kidogo. Usiku wa mvua hujaa karibu kabisa. Chumvi nayo hupenda maji. Yale machache yanayogusa punje huyeyusha chumvi kidogo, na maji yenye chumvi nyingi hayatoki kwa urahisi kurudi hewani kama maji matupu. Basi hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yanayoingia huwa mengi kuliko yanayotoka, na chumvi huendelea kulowa.

Lakini si chumvi zote zilizo sawa. Chumvi safi kabisa hukaa kavu mpaka unyevu wa hewa upite kama asilimia 75, yaani robo tatu ya maji ambayo hewa hiyo ingeweza kubeba. Chumvi yetu nyingi hutoka baharini, kama ile ya mashamba ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Maji ya bahari yana pia kloridi ya magnesiamu, kitu kichungu ambacho huanza kuvuta maji hewa ikiwa na asilimia 33 tu. Chumvi isiyooshwa vizuri kiwandani hubaki na uchungu huo, na hiyo ndiyo hulowa hata siku ambayo nguo zinakauka kwenye kamba. Ile laini ya pakiti huoshwa zaidi na kutiwa unga wa kuzuia punje zisishikane.

Mabonge je? Usiku punje hulowa, mchana maji hutoka, na chumvi iliyoyeyuka hukauka katikati ya punje ikizigandisha kama simiti.

Tukasogeza gunia. Pale palipokauka kandokando ya ule unyevu palikuwa na ukoko mweupe. Mama mmoja mzee akaukwangua kwa kisu, akaonja, akacheka: "Hii ni chumvi yetu!" Gunia lilikuwa limevuta maji likawa zito, kisha maji yakadondoka chini yakienda na chumvi. Hatuwezi kuapa kwamba kila gramu ilipotelea hapo, ila hakuna aliyeitaja tena habari ya wizi.

Kuna hasara nyingine kubwa kuliko pesa. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe ayodini, ambayo huzuia uvimbe wa shingo na kumlinda mtoto aliye tumboni asizaliwe na akili iliyodumaa. Maji yanayodondoka huibeba ayodini hiyo. Kwa hivyo msijaribu kuosha chumvi nyumbani ili iwe safi, wala msiianike juani siku nzima. Bonge livunjeni tu mtumie.

Kikundi kile kiliinua magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, kikanunua ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Mkebe wa bati haufai, chumvi huula kwa kutu. Nyumbani, msiweke chumvi karibu na sufuria inayochemka, na kijiko kiwe kikavu. Punje chache za mchele ndani ya kichupa husaidia kunyonya unyevu kidogo, lakini hazishindi kifuniko.

Wakaamua pia gunia lipimwe kila Jumatatu, na uzito uandikwe kitabuni mbele ya watu wawili. Muuzaji ndiye aliyeomba hivyo. Ufunguo wa duka bado anao yeye.